Matusi Yaliyochekesha Watu

Saidi, mjukuu na mume wangu mvivu wa kupiga simu,

Hapa Mahurunga hatujambo. Mama yako anaanika mihogo na anakusalimu. Swali lako limeniinua kitini! Eti mgogoro kwenye tamthiliya utauonaje, ikiwa wahusika hawatukanani?

Sikia. Shuleni tuliigiza dada wawili wanaogombea mikorosho ya mama yao, mimi na Zainabu, binti wa mjomba. Nikamwita mwizi, akaniita fisi. Watu walicheka mpaka machozi! Walijua sisi ni watani, na matusi ndiyo salamu zetu.

Tuliporudia kesho yake, niliingia na matusi yangu tayari. Zainabu akanifutia kiti, akasema taratibu, “Karibu, mgeni wetu.” Mgeni, kwenye nyumba ya mama yangu! Hakucheka mtu. Bibi mmoja mbele akanong’ona, “Hawa ndiyo basi tena.” 

Basi angalia wahusika walivyozoea kuitana, na neno lililobadilika; mgogoro uko hapo.

Nawe, kichwa kama dafu, siku nikikuandikia kwa heshima tupu, panda basi uje tupatane.

Bibi yako