Hasira za Mama Mkwe Ukurasa wa Kwanza

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu kutoka Kyebando, Kampala, ambako gazeti lenu la Kenya hutufikia likiwa limefungia sabuni, na ndivyo nilivyoiona safu yako, nami nakuomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana kuharibu nimekwisha kuharibu.

Mimi ni Mkenya, jina langu Owino, mwandishi katika gazeti moja hapa mjini, kazi niliyoipata kwa sababu Kiswahili changu cha Kisumu hapa kinahesabiwa kuwa cha profesa, na kazi yangu hasa ni hasira. Wakubwa wa jeshi wakitaka kumkasirikia mtu, gazeti hutangulia kuonyesha kwamba wananchi wamekwisha kukasirika, na wananchi hao huwa ni mimi. Habari ya mkutano wa saa nane naiandika asubuhi, makofi na vigelegele humo humo, halafu naenda mkutanoni kuangalia wasije wakaniharibia habari yangu.

Mwezi uliopita zamu ilikuwa ya kuwakasirikia wanaoficha sukari, na mkubwa wangu Tarcisio akanirudishia karatasi akisema, "Owino, hii hasira yako nalala. Na jina iko wapi? Mwananchi hana jina, nani ataogopa yeye?" Nikarudi nyumbani sina hata neno moja. Mama mkwe wangu, Mama Santa, alikuwa amekuja kutoka Nebbi kutibiwa mguu, akafikia kwa kaka yake nyumba ya pili, kwa sababu kwetu na kwao mtu hakai chumba kimoja na mama wa mkewe wala hasemezani naye ana kwa ana, kwa hiyo nilipoisikia fimbo yake nikajifungia chumbani kama desturi inavyotaka. Akaketi uani na mke wangu Rosalba, akaanza kwa sauti ya mtu anayejua dirisha liko wazi: kuna mtu anaficha sukari kwenye kabati la viatu huku watoto wanakunywa chai chungu, mtu huyo hana haya, afukuzwe arudi ng'ambo ya mpaka alikotoka.

Mshauri, mtu huyo ni mimi. Na badala ya kuona aibu nikatafuta kalamu.

Asubuhi hasira yake ilikuwa ukurasa wa kwanza, neno kwa neno, na jina lake na mtaa wake, isipokuwa kabati la viatu nililifanya ghala. Redio ikaisoma, gazeti jingine likaandika kwamba akina mama wa Kyebando wanachemka, kesho yake nasi tukaandika kwamba magazeti yote yanasema akina mama wanachemka, nami nikapewa kiti chenye mgongo.

Nilikuwa bado nakifurahia kiti changu wakati chifu wa muluka, yaani wa kata yetu, alipokuja kwa Mama Santa na askari wawili. "Mama, mwisho ya mwezi ile nakuja iko mukutano mukubwa Kawempe. Wewe nasimama mbele, naonyesha mutu ya kuficha sukari." Mama Santa hata hakufikiri. "Hiyo mutu mimi najua," akasema. "Nakula peke yake kama fisi. Na hakai mbali." Wewe huko labda hujui, lakini wanaoonyeshwa kwenye mikutano hiyo hupandishwa gari, na hawarudi kusimulia walikopelekwa. Nilimkimbilia Tarcisio, akaniambia, "Tafuta mutu ingine. Jina leta mapema, mimi napanga ukurasa."

Jina lililonijia ni la Cleopas, mtu wa Bungoma, mwenye kiduka hapa mtaani, na naona haya kukwambia kwamba sukari ile alinipa yeye, chini ya meza, kwa hisani tu. Kila mtu angeamini. Ni kumwambia Rosalba neno moja, naye amwambie mama yake. Nikimtaja napona, nisipomtaja mama mkwe ananitaja mimi, na nina watoto wadogo. Bado sijamtaja. Niambie la kufanya.

Ni mimi,
Wananchi Wenye Hasira, Kyebando.

JIBU

Ndugu Wananchi,

Pole. Nimesema mara moja, usingoje ya pili. Majina na mitaa nimebadilisha, na huenda hata sukari yenyewe ilikuwa chumvi.

Barua yako nimeicheka mpaka nilipofika kwa Cleopas, hapo nikaweka kikombe chini. Wewe hutaki ushauri, unataka ruhusa, na umeiandika kwa mzaha ili nikupe nikiwa bado nacheka. Sikupi.

Wala sikucheki nikiwa mbali. Maneno ya mama mkwe wako yalichapwa hata katika gazeti hili, "Akina Mama wa Uganda Wachoka", nami nikamwambia jirani, masikini, wamechoka kweli. Hatukuuliza ni akina mama wangapi. Kumbe ni mmoja, na aliyemchosha ni mkwewe! Magazeti yalichunguliana yenyewe kwa yenyewe, tukadhani tunasikia umma.

Sasa sikiliza. Leo hii toa sukari kabatini, iweke mezani, umweleze Rosalba yote, hata lile la Cleopas. Atakukasirikia, na hasira hiyo usiiandike popote. Yeye ndiye atakayesema na mama yake. Mama Santa alitaka uone haya, hakutaka upandishwe gari. Akielezwa mkutano ule ni wa nini hasa, mguu utapona siku hiyo hiyo na Nebbi atafika. Aondoke mapema, nawe ondoka na mkeo na watoto, mje Kisumu. Kiswahili chako huku hakitakuwa tena cha profesa, lakini utazoea. Tarcisio hatakulilia, maana kufikia hapo atakuwa amepewa kitu kingine cha kukasirikia.

Kuhusu Cleopas, sikukungoja. Mtu wa kwao anayevuka kuuza vitunguu amekwisha kumpelekea habari kwa mdomo, na jina lako nimelitaja. Ukisoma haya, duka lake litakuwa limefungwa na mwenyewe hayupo. Jina ulilotaka kumpelekea Tarcisio halipo tena Kyebando. Limebaki lako tu, kwa hiyo fungasha.