Nyungu ya Meli Nanasi

Jumatano, Juni 4

Leo kazini nimeprinti sura ya tano ya kile kitabu cha mchezo wa maharamia tunaouigiza kila Jumamosi, bosi akiwa ametoka kwenda chai. Picha nzuri, lakini ni visiwa vya Wazungu, minazi, pombe ya miwa. Nani atatishika Ruiru? Githae, ambaye kwake tunachezea, hajawahi kuona bahari. Emmah mkewe aliiona mara moja, na trip ya shule. Basi nabadilisha kila kitu. Bahari imefurika mpaka kwetu. Mlima wa Kilimambogo umekuwa kisiwa. Mashamba ya mananasi yako chini ya maji, na meli ya Githae, maana yeye ndiye kapteni, inaitwa Nanasi. Pombe ni muratina. Imekaa vizuri sana. Najipongeza mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kunipongeza.

Shida ni adhabu. Kitabu kinasema haramia msaliti huachwa peke yake kwenye kisiwa kisicho na watu. Jumamosi nilipowasomea, Okello, rafiki wa Githae, alisema hiyo si adhabu. Bila landlord, bila kelele za hostel za Wendani? Hiyo ni likizo. Wakacheka wote. Mimi ndiye msimulizi, na msimulizi akichekwa mchezo umekwisha. Nataka kitu cha kuwatia baridi.

Alhamisi, Juni 5

Nimepata! Nyungu!

Cucu, nyanya yangu, alikuwa akituhadithia. Kitu kikiibwa na mwizi akikataa kujitaja, watu wanakusanyika, nyungu inavunjwa chini, maneno yanasemwa: aliyechukua akanyamaza, avunjike hivi. Maharamia wangu watafanya vivyo hivyo. Ramani ya kapteni itaibwa. Mwizi ni mhusika wa Okello, haramia anayeitwa Jino Moja, na tunaojua ni mimi na Okello peke yetu. Maneno nimeyaandika mwenyewe. Nilipoyasoma kwa sauti, vinyweleo vilisimama. Nyungu nitanunua kwa wale wauza maua kando ya barabara.

Mami ameuliza naongea na nani chumbani. Nimesema ni drama ya kanisa. Mungu anisamehe.

Jumapili, Juni 8

Kanisani sikusikia mahubiri. Niandike ya jana, labda yatatoka kichwani.

Tulicheza kwa Githae, Gitothua, kama kawaida. Ramani ikapotea. Githae akasimama na nyungu mikononi, akasoma maneno yangu. Sauti yake ikashuka, ikawa si yake. Alipofika mahali pa jina alipaswa kusema Jino Moja. Alisema Okello. "Wewe Okello, kama ulichukua kilicho changu ukanyamaza, uvunjike hivi." Na akaiachilia sakafuni.

Hakuna aliyecheka. Nilitaka baridi, nikaipata. Emmah alianza kuokota vigae, lakini kimoja kikamponyoka mara mbili, Githae akamwambia aache, akaokota yeye. Kigae kikamkata kiganja. Kidogo tu, damu tone moja. Okello alisema ni poa, ni game tu. Lakini hakumaliza chai yake, akaondoka mapema.

Mbona sikumsahihisha Githae palepale? Neno moja tu, Jino Moja. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa inapendeza.

Jumanne, Juni 10

Emmah amepiga simu. Mkono wa Githae umevimba mpaka kwenye kifundo. Hawezi kushika hata kijiko. Mkono uleule!

Najua ni uchafu. Nyungu ilikuwa imekaa kwenye matope na mbolea, mtu yeyote angevimba. Najua. Lakini tangu simu hiyo siko sawa, kazini nimemprintia mteja mmoja vitambulisho vya mtu mwingine.

Jumatano, Juni 11

Nimemwambia Mami. Nilidhani atanicheka. Alizima jiko kwanza, akakaa.

Aliuliza ni nani alisoma. Githae. Ni nani aliandika. Mimi. Halafu: "Kui, nyungu haivunjwi na watoto. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ukimtaja mtu hajakosa, hiyo maneno inarudi kwa yule alisema. Na yule alimpatia ya kusema."

Kwa hivyo hata mimi. Nimekuwa nikiangalia mikono yangu siku nzima kama mwendawazimu. Kidole gumba kinauma. Au nimekifinya sana?

Anasema kuna njia. Wote waliokuwepo wakutane tena. Aliyetajwa aseme mbele ya aliyemtaja: sikuchukua kitu chako. Aliyemtaja arudishe maneno yake. Kisha wote wale chakula pamoja. Kwa vitu vizito wanaitwa wazee na kondoo, lakini kwa ujinga kama wetu, anasema, tuanze na hapo na maombi.

Mami ni mama wa kanisa, kiongozi wa kikundi. Sikujua anaamini mambo ya nyungu. Hilo limeniogopesha kuliko mkono wenyewe.

Alhamisi, Juni 12

Githae amekubali mara moja, anaogopa kama mimi. Alidungwa sindano kliniki na kupewa dawa. Okello simu yake haiingii. Nimemtumia meseji tatu. Jioni amejibu: "Hizo ni story za kwenu Kui. Mimi niko busy." Nimembembeleza. Nimemwambia ni sentensi moja tu, rafiki yako anateseka, kwani itakugharimu nini? Mwishowe akaandika sawa.

Jumamosi, Juni 14

Naandika jikoni kwa Emmah, nyuma ya karatasi ya mchezo, ile yenye ramani ya kisiwa cha Kilimambogo. Sina kingine.

Nilipofika, Githae mwenyewe alinifungulia mlango. Kwa mkono ule! Umenywea. Kiganja kina kovu jekundu tu, anashika kikombe. Dawa imefanya kazi. Nilitaka kulia kwa furaha. Basi laana haikumrudia, nikasema moyoni, yameisha, tule tu twende nyumbani. Lakini Githae akasema hapana, tumeshakutana, tumalize ili alale vizuri.

Okello alikaa karibu na mlango, jaketi hajavua. Githae akaanza yeye. Akasema Okello, ndugu yangu, nilikutaja vibaya, ni game ilinibeba, sasa niambie hukuchukua kitu changu na mimi nirudishe maneno yangu. Alikuwa anatabasamu.

Okello akafungua mdomo. Akafunga. Akaangalia sakafu, pale pale nyungu ilipovunjikia. Tukangoja. Githae akacheka kidogo, akasema ni rahisi msee, repeat after me. Okello akafunga zipu ya jaketi mpaka shingoni.

Nikaja jikoni eti kuleta sukari. Emmah akanifuata. Akafunga mlango. Amesema kwa sauti ndogo, "Kui, tafadhali, usimlazimishe aseme. Hawezi." Nimeuliza hawezi kwa nini. Ameanza kulia bila sauti, ameshika sinki. "Mimi na yeye, tangu Januari," amesema. Basi.

Basi haikumrudia Githae kwa sababu haikuwa na sababu ya kumrudia. Aliyetajwa ndiye aliyechukua. Na maneno ni yangu, kila neno, aliyechukua akanyamaza. Mungu wangu, nimefanya nini? Akisema hakuchukua, anaapa uongo juu ya nyungu. Akisema alichukua, hii nyumba inavunjika leo. Akinyamaza, ni vile nilivyoandika.

Githae anaita kutoka sebuleni. Anasema chai inapoa, Okello amekuwa bubu, Kui njoo umsomee hayo maneno pole pole ayarudie.

Emmah ameshika mkono wangu. Githae anaita tena.