Lenzi Iliyomponza Wekesa

Dada Nafula, mnaendeleaje huko nyumbani? Hapa Theta kuna baridi, lakini mukimo, viazi vyao vya kupondwa, ni moto.

Leo kwenye ruracio, sherehe ya mahari, kaka yetu Wekesa aliambiwa amtambue mchumba wake kati ya wanawake waliofunikwa leso mpaka usoni. Akikosea, faini ni mbuzi. Kamera yangu imezoea kujitafutia macho ya mtu ili ilenge. Ilipoyakosa ikahangaika tu. Nikaweka ile lenzi ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, nikafokasi polepole kwenye leso yenye maua mazuri zaidi. Kumbe Wekesa ananichungulia, anadhani namwonyesha! Akaenda, akafunua: cucu, nyanya wa mchumba wake!

“Haiya! Basi twende kwenu,” cucu akamwambia, akamshika mkono.

Wekesa ameniomba niifute hiyo picha. Geuza kadi hii uione, umwonyeshe na Mama.

Nawapenda,
Simiyu