Uliposema Uko Sawa

Baba yangu,

Sauti yako iliyobaki nami si ya maneno. Ni ya kisu kikipita kwenye chuma cha kunolea, taratibu, nyuma ya nyumba yetu ya Waithaka. Ulikuwa umerudi kutoka machinjioni Dagoretti, kisu kikali tayari, na bado ulikinoa. Mama alinikataza kukusemesha mpaka umalize. Siku ile walipomfanya mtu uliyemfundisha kazi kuwa msimamizi wako, ulinoa hadi giza likaingia, kisha ukaja mezani ukaomba chumvi.

Nakuwaza kwa sababu nami nimepasuliwa. Kidole tumbo tu, Baba. Lakini maumivu hayakuondoka. Waliopasuliwa baada yangu walikuwa wakitembea wodini, mimi nimelala nimekaza meno. Sista akija kuuliza niko aje, nilijibu kama tulivyolelewa kujibu salamu: niko sawa, na wewe? Naye akaenda kitanda kingine na dawa yake. Hadi asubuhi moja aliposimama kando ya kitanda changu.

"Uko sawa na umeng'ata shuka?"

Alimwita daktari. Huyo akasema kidonda kinapona vizuri, ila miili haiumwi sawasawa. Wapo wanaozaliwa wakihisi maumivu zaidi, na hilo huweza kurithiwa. Hasira nayo, jinsi mtu anavyoizuia au kuitoa, huweza kuyaongeza. Kipi kilikuwa changu, hakuweza kusema. Akauliza kama kuna jambo linaloniudhi. Nikacheka, kidonda kikanikanya. Kazini, huko mjini, mkubwa wangu alitia jina lake kwenye kazi yangu, nami nikampongeza.

"Kwenu nani mwingine amewahi kupasuliwa?" akauliza.

Nikakuona wewe ulipopasuliwa ngiri. "Niko sawa tu, sista," ulisema, jasho likikutiririka shingoni. Tulikusifu. Hata siku ya kukuzika walikusifu, mwanamume asiyelalamika. Sasa nawaza huenda wewe ndiye uliyeumwa kuliko wote katika wodi ile, na sisi tumeketi hapo kando, tunakula machungwa uliyoletewa.

Nimechoka, Baba. Nimechoka kuwa jasiri kwa ajili ya wageni.

Jumapili, baada ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, watu wa maombi walikuja nyumbani. Mama akasimama kushuhudia, akawaambia mimi ni baba yangu mtupu, eti sikulia hata kidogo. Nilikuwa nimeshaamua tangu hospitalini. Nikamvuta leso aliyojifunga.

"Nililia, Mama. Bado inauma. Na nina hasira."

Mtu alikohoa. Nilidhani Mama atanigeuza kuwa mzaha, jinsi anavyofanya mbele za watu. Akaketi kando yangu, akawasahau wageni na chai yao, akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyekuuliza wewe: "Inauma wapi?"

Nikamwonyesha.

Pumzika, Baba. Si lazima tena uwe sawa.

Binti yako