Tawi Mlangoni mwa Bwawa

Nchelenge, mvua za kwanza

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za mwanao aliye mbali, mzima wa mwili, ila mbu wananifaidi na shati langu linanuka samaki hata baada ya kufuliwa. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka kabatini kwa ajili ya wageni? Anjela, dada yangu, wewe unayesoma, msomee Mama kila neno, hata yale yatakayokufanya unicheke.

Najua unachosubiri, Mama. Kila barua unauliza lini utawaona mke wangu Mwape na mjukuu wako Kabwe, ambaye sasa anatambaa na kula mchanga. Nilikuahidi nitawaleta Noeli. Lakini huku mwanamume hamchukui mke akaenda naye kwao mpaka mama mkwe amwingize rasmi. Wanawake wa ukoo wanampikia, wanamfunulia chungu kimoja kimoja, ndipo anaruhusiwa kula nyumbani kwa wakwe na kusema na mama mkwe. Kabla ya hapo mnakwepana. Akija njia hii, mimi najitosa kwenye mihogo. Tangu nioe, mama mkwe wangu, mamafyala kama wanavyomwita huku, nilikuwa namjua mgongo tu.

Basi siku ya kuingizwa ilipangwa, nami nikaiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilitaka karamu iwe na samaki mpaka watu washindwe kumaliza. Karibu na kijiji kuna bwawa lililotengwa na Ziwa Mweru kwa matete, na maji huingia kwa mlango mmoja mwembamba. Mlangoni nilikuta tawi bichi limesimikwa majini. Mimi seremala nikadhani ni mahali pa kufungia mtumbwi, nikaufunga hapo hapo! Mimi na mafundi wenzangu, vijana wa kwetu Katanga tunaounda nao mitumbwi ya mbao, tukatandaza wavu mpya wa nailoni, tukatumpula, yaani tukapiga maji kwa magongo ili samaki wakimbilie wavuni. Perege walijaa mtumbwi. Nilirudi naimba njia nzima.

Kumbe lile tawi ni amri. Wenye bwawa wakilisimika, havui mtu humo mpaka waling'oe, kwa sababu ndio wakati perege wanalea. Na wenye bwawa ni ukoo wa nani? Wa mama mkwe wangu.

Mwape hakunigombeza. Alichukua perege jike mmoja, akamweka kwenye karai la maji, akambonyeza shavu. Mdomoni vikatoka visamaki vidogo kama punje za ulezi, vikaogelea.

"Sasa pitisha mukono yulu ya mayi," akaniambia.

Nikapitisha mkono juu ya maji. Kivuli kilipoviangukia, vyote vilikimbilia mdomo wa mama yao. Alikwisha kufa, mdomo umefumba. Vikawa vinaugonga, vinarudi, vinaugonga tena. Mama, nililia mbele ya mke wangu, wala sikuona haya ya kulia. Haya niliyoona ni nyingine.

Mamafyala naye hakuweza kunisemesha, basi akamsemesha kuku. Alisimama nyuma ya nyumba yetu, akapaza sauti, tena kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki kwa watu wa Kongo: "Weye kuku, ulisha kuona mutu anaua mama na batoto yake yote mara moya? Mwaka kesho tutakula nini? Mbao?" Kuku wa watu, hajui hata neno moja la Kiswahili. Mimi ndani nalielewa kila neno. Jioni shemeji yangu Kalaba akaniletea habari kwamba siku ya kuingizwa imefutwa.

Nimefikiri sana tangu hapo. Sisi wa kambi ya mgodi tumezoea kuona samaki mkavu kapuni, kana kwamba naye anachimbwa kama shaba. Shaba ukiitoa imetoka, haizai. Ziwa linazaa, ila uliache lizae. Baiskeli zinazoondoka kijiji cha wavuvi cha Kabuta zimeelemewa na samaki, malori, sufuria yako na ya jirani yako, vyote vinategemea midomo ya majike wale. Kalaba ananiambia zamani samaki waitwao mpumbu walipanda mto Luapula kwenda kutaga, wengi ajabu. Watu wakaukinga mto kwa nyavu, wakawala pamoja na mayai. Leo mtu akipata mpumbu mmoja anaita majirani waje kumtazama.

Nikamtuma Kalaba kwa mjomba wao, mkuu wa bwawa, aulize nifanye nini. Jibu likaja: akae mlangoni alinde. Basi nikahamishia mbao zangu huko, nachonga huku natazama maji. Siku moja wale mafundi wenzangu wakaja na wavu.

"Ndugu, si tuko bamoya? Acha tupite."

"Hapana," nikasema. "Hata baba akifufuka, hapiti hapa."

Walinitukana mtumwa wa wakwe, wakageuza mtumbwi. Mpaka leo hawanisalimii, nami naumia, maana ndio walionipokea nilipofika huku bila kitanda. Sikujua kuwa mamafyala alikuwa ndani ya matete anakata ya kuezekea, na amesikia yote.

Jumapili iliyofuata wakaniingiza. Vyungu vikafunuliwa: ugali, majani ya mihogo, na kuku yule yule, maskini. Samaki hakuwamo hata mmoja. Mamafyala akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Ana macho ya Mwape!

"Tawi liko mu mayi bado," akasema. "Weye utabakia kulinda. Mwape na mutoto, miye mwenyewe nitabapeleka kwa mama yako."

Ndiyo, Mama, anakuja! Watavuka kwa mashua mpaka Kasenga, upande wa Kongo, kisha lori. Tandika kitanda kizuri. Najua umewatangazia majirani kwamba mkweo wa Mweru atakuja na kapu la perege. Hatakuja nalo. Analeta karanga, na tafadhali asiulizwe samaki mbele ya watu. Wakinong'ona, waambie samaki wanalea.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, shangazi anayewashinda wote kuimba kanisani, na bibi mzaa baba, umwambie jina la mumewe, Kabwe, linatambaa kwa kasi. Anjela, asante kwa sauti yako.

Sikukuu ya Noeli mimi nitakuwa hapa mlangoni. Kabwe amezoea kulala kifuani pangu, na sijui nyumba itakuwaje bila yeye. Akikuona atalia, ni mwoga wa sura mpya. Usimwachie, Mama. Mkumbatie mara mbili, ya pili ni yangu.

Mwanao akupendaye,
Polikarpo