Mbuzi Ambaye Hakuchinjwa

Baba,

Shikamoo. Mara mbili nimejaribu kuiandika barua hii pale kaburini kwako nikashindwa. Mama huja kupalilia maua yako saa yoyote anayojisikia, na haya ninayotaka kukuuliza sitaki ayaone. Kwa hiyo naandika ofisini kwa walimu, madaftari yamenizunguka, wenzangu wanadhani nasahihisha.

Miaka mitatu sasa tangu tukuzike. Kahawa imeshuka bei hadi watu wanaing'oa na kupanda nyanya. Wanunuzi binafsi wanapanda mlimani na malori yao, kila mmoja na mzani wake, na mimi siuamini hata mmoja. Soko la Mwika limejaa mitumba. Kuna banda la video pale njia panda, vijana wanaangalia watu wakipigana tangu saa nane mchana. Na kile kiwanja kidogo cha kando ya barabara ambacho zamani mtu alimwachia ndugu yake bila maneno mengi, siku hizi kina wateja kutoka Dar. Mama anaumwa magoti ila ulimi wake ni mzima kabisa. Mimi ndiye niliyebadilika vibaya. Nimekuwa mtu wa shaka, Baba, na shaka hiyo inaanzia kwako.

Mwezi uliopita niliwapa kidato cha tatu swali: eleza sababu za vita vya Kagera. Nilitegemea waandike mpaka, jeshi lililovuka na kuteka ardhi yetu, uhasama wa miaka kati ya serikali mbili. Wanafunzi wanne, wote wa kijijini kwetu, waliandika kwamba kiongozi wa nchi jirani alialikwa karamu, akakatiwa shingo ya mbuzi badala ya kidari, akaondoka na hasira na kurudi na jeshi. Mmoja aliongeza kwamba yule mbuzi alikuwa beberu mweupe.

Nilicheka mpaka mwalimu wa hesabu akageuka kuniangalia. Halafu nikaisikia sauti yako.

Unakumbuka Krismasi zetu? Watu wamerudi kutoka Dar na Arusha, pombe ya mbege ipo, mbuzi amelazwa juu ya majani ya mgomba, na wewe ndiye mwenye kisu. Hapa kwetu kila kipande kina mwenyewe, na mzee akipewa kisicho chake hilo jambo halisahauliki. Watoto walijua ulikwenda vitani ukiwa dereva, ulichukuliwa pamoja na lori la yule Singasinga wa mjini uliyekuwa ukimwendeshea. Walikuuliza, "Babu, vita vilianzaje?" Ukainua kisu juu: "Aisee, mtu alipewa shingo!" Uwanja mzima ukacheka. Na mimi nilicheka, nimeshika beseni la nyama.

Niliwauliza wale wanafunzi kwa nini wameamini kitu kama hicho. Binti mmoja akanijibu, "Mwalimu, sababu za kitabuni hazina mtu ndani yake." Nilikaa na jibu lile siku nzima. Ni kweli, kitabu kinasema mpaka, kinasema uhusiano kuharibika, na mtoto wa miaka kumi na sita hajawahi kuona uhusiano ukiharibika. Hasira ya mzee aliyenyimwa kidari ameiona. Tena wenzako waliorudi kutoka kule hawakusema lolote, walikunywa mbege wakanyamaza, kwa hiyo utani wako ukabaki ndio ushahidi pekee kijijini. Ningeishia hapo ningekusamehe. Mzee alitania, watoto wakaamini, basi.

Wiki iliyofuata Godlisten alirudi nyumbani na mdomo umepasuka.

Mwanangu ana miaka kumi na saba sasa, mabega ni yako. Alikuwa amepigana na Frenki, kitinda mimba wa Mzee Anaeli jirani yetu, pale kwenye mdomo wa mfereji unaoleta maji kwetu na kwao. Nikamuuliza kisa. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mgeni wa kijiji: "Mama, wale walitudharau. Kwenye ubatizo wa Frenki walimpa babu shingo."

Miaka hii yote nimejua hatusalimiani na nyumba ile, na nimejua sababu ni nyama. Sikuwahi kuziweka hadithi mbili pamoja. Vita vya nchi mbili na vita vya uani kwetu vinaanza kwa kipande kile kile, na vyote viwili vimetoka kinywani mwako! Mimi nafundisha historia. Mwanafunzi akiniletea majibu mawili yanayofanana hivyo, namwita ofisini.

Nilimuuliza Mama. Akaniuliza kama nimefunika maharage.

Nikaenda kwa Mzee Anaeli, mchana, mbele ya macho ya kila mtu. Nilimwamkia, akaitikia polepole, nadhani alikuwa anasubiri nimwombe kitu. Nilipomtajia mbuzi wa ubatizo alinikazia macho. "Mbuzi gani, mwanangu? Mwaka ule sikuchinja mbuzi. Frenki nilimbatiza kwa kuku wawili, na baba yako hakuja." Kisha akanyoosha mkono kuelekea masale yanayotenga shamba lake na letu. Akasema uliporudi kutoka vitani ulikaa wiki moja, ukaamka alfajiri, ukang'oa mstari mzima wa masale ya mpaka na kuyapanda upya hatua sita ndani ya kihamba alichorithi kwa babu zake, mdomo wa mfereji ukawa upande wetu. Alipolalamika, ulikuwa umeshawaambia wazee kwamba ana kinyongo cha nyama. Wazee wakashughulika na nyama. Kuhusu masale hakuna aliyemsikiliza, maana masale ni mmea wa mwiko, nani hapa kwetu anaweza kuwaza kwamba mtu amethubutu kuyang'oa?

Sikumwamini. Nataka ujue hilo. Nilitoka pale nikisema moyoni kwamba mzee ameona bei ya ardhi inapanda, ameanza kutengeneza historia yake mapema. Nilimtafutia uongo siku tatu.

Siku ya nne nilikwenda kusimama penye mpaka. Mibuni ya Anaeli imepandwa kwa mistari inayoteremka na mlima. Yetu inakwenda kwa kukatiza. Mistari yake inateremka sawasawa, inafika kwenye masale, inapita, inaendelea upande wetu kwa mibuni mitatu mitatu, minene, mizee kuliko mimi. Halafu nikauona mparachichi. Ulinichapa kwa sababu ya mparachichi ule, Baba. Nilikuwa darasa la pili, nilivuka masale kuokota yaliyoanguka, ukanichapa na kunirudisha kwa mke wa Anaeli niombe msamaha. Mti ule leo uko kwetu. Nimekula matunda yake miaka yote hii, nimewapelekea walimu wenzangu kwa kapu, na sikuwahi kujiuliza mti ulivukaje. Nawasahihisha watoto wa watu kwa kalamu nyekundu!

Najua nilikuwa wapi. Niliporudi kutoka chuoni nilikuwa na mimba isiyo na mwenyewe, nikawa naangalia tumbo langu tu. Wewe hukunifukuza. Baba wengine walifukuza. Ulisema, "Ingia, chai ipo," na hukuuliza jina la mtu hadi unakufa. Kabla ya kufa ukamkatia Godlisten sehemu yake mbele ya ukoo ili pasitokee wa kumwambia mama yake hakuolewa. Ni hatua zile zile sita, pamoja na mdomo wa mfereji. Hana nyingine.

Ulifanya kwa nini? Nimejaribu kukutetea nikashindwa. Mara moja tu uliniambia kitu cha kweli kuhusu vita, tukiwa tunachagua kahawa kwenye kitanda cha kuanikia. Ulisema mlifika kijiji cha kule Kagera mkakuta migomba imekatwa yote, "migomba kama hii, shamba la mtu kama hili," ukaendelea kuchagua punje mbovu. Nilidhani umehuzunika. Sasa sijui. Pengine ulirudi na hofu kwamba mtu yeyote anaweza kuchukuliwa chake, ukaona bora uwahi. Pengine ulijifunza kule jinsi inavyofanyika. Ninachojua ni kwamba ulijua sababu ya vita kuliko kitabu changu, na ulipoulizwa na watoto uliwapa shingo ya mbuzi. Ungewaambia vita huanza kwa ardhi, mmoja wao angegeuka kuangalia masale.

Ningenyamaza, Baba, kwa ajili ya Mama. Lakini Godlisten na binamu zake wamepanga kwamba Krismasi hii, wote wakiwa nyumbani, watamaliza na watoto wa Anaeli. Nimeyaona mapanga yamenolewa na hakuna migomba inayokatwa. Watauana kwa heshima yako iliyovunjwa kwenye karamu ambayo haikuwepo.

Leo asubuhi nilimpeleka mwanangu penye mpaka. Nilimsimamisha juu, kwa Anaeli, nikamwambia afuate mstari wa mibuni kwa macho mpaka unapoishia. Alifuata. Akarudia mstari wa pili, na wa tatu. Akashuka mwenyewe, akagusa masale, akagusa mbuni wa upande wa pili. Yeye si mjinga, alinyimwa tu kitu cha kuangalia. Uso ukamlegea kama wa mtoto, akaniuliza, "Sasa mama, mimi nitakaa wapi?"

Nilimshika mkono tukarudi nyumbani. Pa kumpa bado sijapata.

Ila hiki nakuahidi. Krismasi, kabla nyama haijagawanywa, nitasimama mbele ya ukoo na mbele ya Mzee Anaeli ambaye nitamwalika kwa mkono wangu, na nitataja hatua sita. Wajomba na baba wadogo watasema mwanamke hana neno kwenye kihamba. Waseme. Mama atalia, nami nitakaa naye. Godlisten atanichukia kwa muda, nadhani, na huenda akaondoka kwenda mjini kutafuta pa kukaa, lakini ataondoka mzima, na Frenki atabaki mzima.

Lala, Baba. Kwamba ulinipokea nilipokuwa sina pa kwenda nitalisema pia siku hiyo, kwa sauti, wakishanyamaza. Ulichofanya nitakisema kwanza.

Mwanao,
Aikande