Kituo cha Reli Sebuleni

Kaka yangu mpendwa,

Sisi tu wazima, ila sebule imemezwa na reli. Tangu astaafu udereva wa treni, Baba amejenga milima ya karatasi, daraja la vijiti na kituo kidogo cha treni ya kuchezea. Hapo kituoni alimsimamisha marehemu Mama, aliyemchonga kwa mbao.

Jana mchana umeme ulikatika. Treni ile ikaondoka yenyewe, ikasimama kituoni, ikaendelea. Mama hakuwepo tena. Nilimtafuta hadi chini ya makochi.

"Usihangaike, mwanangu," Baba alisema. "Ametangulia."

Leo nimemkuta akichonga mwanamume mwenye kofia ya dereva. Nimemficha kisu. Hakugomba, amevaa sare yake ya zamani, amekaa kando ya reli. Njoo, kaka. Peke yangu simwezi.

Mdogo wako